Msaragambo wa Kompyuta

Juzi nilimpelekea fundi kompyuta yangu, maana imechoka kuliko mimi. Ukiibonyeza ifungue barua, inafungua wakati umeshasahau barua yenyewe ilimhusu nani. Nikamwambia kijana wa watu aniongezee kumbukumbu tu, mbona ni kazi ndogo. Akanitazama kwa ile huruma wanayotutazama nayo sisi wenye miwani. "Mama, hizi za siku hizi RAM yake imechomewa kwenye bodi. Haiongezeki. Labda ununue nyingine." Nikabisha kidogo kwa heshima ya umri wangu, kisha nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka yule kijana akasogeza kiti chake nyuma. Ningemwelezaje kwamba kwetu, kumbukumbu ya kompyuta iliwahi kuongezwa kwa majembe?

Kwetu ni juu, Upare ya Kusini. Asubuhi mawingu yanakuwa chini yako, na Same iko huko chini ya mawingu na joto lake. Wa rika langu mtaikumbuka miaka ile. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni ya kukatwa vipande, duka la ushirika limebaki na chumvi na panya, halafu ghafla likaja neno ruksa na kila kitu kikaanza kupanda mlima: mitumba, redio za kaseti, viatu vyenye taa kisiginoni. Na siku moja, kwenye lori la tangawizi, ikapanda kompyuta.

Ilikuwa ya shule ya sekondari, ambayo wazazi wetu waliijenga wenyewe kwa kubeba mawe kutoka mtoni. Kompyuta yenyewe ilikuwa imetumika Ulaya mpaka ikachakaa, wakapewa wafadhili, wafadhili wakatupa sisi. Rangi yake ilikuwa ya meno ya mvuta tumbaku. Mama, aliyekuwa karani wa shule na mpiga chapa mwenye vidole vya moto, alipelekwa Moshi wiki mbili kujifunza, akarudi akiwa mtu pekee mlimani anayejua kuiwasha. Aliishonea kitambaa cha kudarizi, maua mekundu na majani ya kijani, kama kile cha juu ya redio ya sebuleni. Baba alikuwa akinunua samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwapeleka mbali, tukimwona mara moja moja. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: Mama, bibi mzaa mama, na mimi, Nakundwa, darasa la tatu, mdomo mrefu.

Nilikuwa naruhusiwa kuingia chumba cha kompyuta nikitoka shule, kwa sharti la kunawa miguu. Nilipenda pale ilipowashwa. Kabla ya kufanya lolote, ile mashine ilijihesabu. Juu kabisa ya kioo cheusi tarakimu nyeupe zilikimbia, zikakimbia, halafu zikagota: 4096. Kila siku hapo hapo. Mama aliniambia inahesabu kumbukumbu yake ione kama iko yote, kama mchungaji anavyohesabu mbuzi jioni. Mimi nikawa naihesabia pamoja nayo kwa sauti, najua pa kuishia, najiona nimesoma.

Tatizo ni kwamba mbuzi wenyewe walikuwa wachache. Mtihani wa kidato cha pili, kurasa sita tu, uliishinda ile mashine. Mama alibonyeza, akaenda kuteka maji, akarudi, akakuta bado inakoroma. Siku nyingine ilizimia kabisa na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Mkuu wa shule, mtu mpole mwenye koti moja, akaandika barua kwenye ofisi inayosimamia shule zetu huko Same kuomba ushauri. Alipata majibu kuliko alivyoomba. Ofisi ilisema kama mashine imewashinda, gari lingekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuichukua, ikatumike mjini penye umeme wa uhakika. Na kwa kuwa aliyesomeshwa kuitumia ni karani, karani naye ahamie Same pamoja nayo.

Nilikuwa chini ya meza mkuu alipomsomea Mama barua hiyo. Niliwasikia wakipanga maisha yangu kama watu wanaopanga magunia. Barua ilisema Same Mama angepewa chumba kimoja, kwa hiyo mimi ningebaki na Bibi hadi nimalize darasa la saba. Darasa la saba! Nilihesabu kwa vidole nikaona ni muda wa kutosha kwa mtu kusahau sura ya mama yake. Nampenda Bibi, Mungu amlaze pema, lakini Bibi alikuwa anachana nywele kama anayepalilia. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama hakulia. Alikaa akiitazama ile mashine, kisha akasema, "Hii haijashindwa. Ina njaa tu."

Usiku huohuo aliuza kwa jirani tangawizi iliyokuwa bado ardhini, na asubuhi akamwandikia mjomba wangu, mdogo wake aliyekuwa Dar es Salaam, amtafutie kumbukumbu ya kompyuta. Halafu tukaanza kungoja. Mvua za masika zilikuwa zimeichana barabara, lori lilikuwa linaishia darajani, na watu wanapanda na mizigo kichwani. Mkuu wa shule alijaribu kutufariji kwamba kwa barabara ile, hata gari la Same huenda lisifike. Nikaiombea barabara izidi kuharibika. Nadhani ni mimi peke yangu katika wilaya nzima niliyekuwa na ombi la namna hiyo.

Kifurushi kilifika Ijumaa mchana, siku moja kabla ya gari. Mama alikifungua mezani, karatasi juu ya karatasi, hadi kwenye mfuko wa plastiki unaong'aa kama samaki, na ndani yake kibao cha kijani kifupi kuliko penseli, chenye meno ya dhahabu upande mmoja. Nilivunjika moyo. Hicho ndicho cha kutuokoa?

"Mama, kitu kidogo hivi?"

"Sikiliza," alisema. "Kijito chetu kina maji?"

"Kidogo."

"Lakini tunamwagilia mahindi kiangazi chote. Kwa nini?"

Hilo kila mtoto wa kwetu anajua. Kwa sababu ya ndiva. Maji ya kijito yanakusanywa usiku kucha kwenye lile bwawa la udongo na mawe, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, yanashuka kwenye mifereji yakiwa na nguvu. Bila ndiva, kijito kinanywea njiani.

"Basi kompyuta nayo ina ndiva yake," Mama akasema. "Kazi yote inayofanya lazima kwanza ikusanyike hapo. Yetu ni ndogo, inafurika, ndiyo maana inazimia. Kesho asubuhi mkuu akirudi na ufunguo, naipanua."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu. Ni kazi ya dakika kumi."

Mama yangu alikuwa msomi wa Moshi, ila jambo moja alikuwa amelisahau, jambo ambalo Bibi alikuwa akilirudia kila tulipopita ndivani: ndiva iliyochimbwa na mtu mmoja haikai maji. Ndiva inapanuliwa kwa msaragambo. Baragumu linapigwa jioni, kesho yake kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Asiyekuja zamu yake ya maji inarukwa, na aliyekuja ana sehemu yake mpaka kwa wajukuu. Niliyajua haya kama nilivyojua Baba Yetu. Mama angeichomeka peke yake, isingeshika, gari lingekuja, na mimi ningebaki nikipaliliwa kichwa.

Nikaenda kwa Mzee Mgonja. Huyu ndiye aliyekuwa akitunza baragumu, pembe kubwa ya tandala, na alikuwa mtu wa sheria kuliko hakimu. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetumwa?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana kusema uongo niliogopa na kusema kweli niliogopa zaidi. "Babu, kesho Mama anapanua ndiva ya mashine ya shule. Anataka kuifanya peke yake."

Mzee Mgonja aliacha kukata. "Mashine ya shule si ndiyo ile iliyoletwa kwa ajili ya watoto wetu?"

"Ndiyo."

"Na shule tuliijenga nani?"

"Nyie wote."

"Na mama yako anataka kupanua kitu cha watu wote peke yake?" Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mpe pole. Ni ugeni wa mjini ule, wiki mbili za Moshi zinatosha kumharibu mtu."

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya kilima, baragumu lilisikika bonde zima. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliinua kichwa, akasema, "Eh, msaragambo gani tena huu?" Bibi akasema huenda ni mfereji wa juu. Mimi nikasema nina usingizi.

Asubuhi tulipofika shuleni, watu walikuwa wameshatangulia. Uwanja ulijaa. Wanaume wenye majembe na sululu, wanawake wenye makarai, vijana wamekaa kwenye ukuta wakitafuna miwa. Mzee Mgonja alikuwa ananoa jembe lake kwenye ngazi ya ofisi ya mkuu. Mkuu wa shule alikuwa amesimama na ufunguo mkononi, anatazama kama mtu aliyekuta harusi nyumbani kwake bila kualikwa.

"Karani," Mzee Mgonja akamwita Mama, "tumefika. Tuonyeshe pa kuchimba."

Mama alitazama majembe. Akatazama mfuko wa plastiki mkononi mwake. Kisha polepole sana akageuka akanitazama mimi. Ninyi mliolelewa na mama wa Kipare mnalijua lile jicho. Nilijieleza kwa pumzi moja: ndiva, mtu mmoja, Bibi alisema, gari, darasa la saba.

Nilingoja kofi. Mama akaketi kwenye ngazi, akaficha uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka Mzee Mgonja naye akaacha kunoa. Akakitoa kile kibao akakiinua juu wote wakione. "Jamani, pa kuchimba ni hapa. Nisameheni sana. Mtoto amewaiteni bure."

Kicheko kikapasuka uwanja mzima. Jirani yetu mmoja akauliza kama atumie sululu au jembe. Mwingine akasema yeye ataleta toroli la kubebea udongo. Lakini Mzee Mgonja hakucheka. Alisimama, akapangusa mikono.

"Baragumu halilii bure," alisema. "Watu wakiitwa, majembe hayarudi nyumbani yakiwa safi. Karani ana kazi yake ndani, sisi tutafute yetu nje. Kuna barabara pale imeoza."

Barabara! Tumaini langu lote! Nilimvuta Mama kanga, lakini watu walikuwa wameshaanza kuteremka wakiimba, na wanawake walikuwa wameshajaza sufuria za makande. Kwa masaa matatu nilisimama juu ya ukuta nikiwatazama watu ninaowapenda wakiziba kila shimo nililoliombea. Walijaza mawe, wakachimba mtaro, wakashindilia udongo kwa miguu. Ndani Mama alikuwa bado anangoja, maana dizeli ya jenereta la shule ilikuwa imeisha na mtu alikuwa ametumwa.

Gari la Same likaja likiteleza kwenye barabara mpya kama siagi kwenye kikaango. Dereva alishuka akisifu. "Nilikuwa nimeambiwa nitaacha gari darajani!" Aliyekuja naye ni Bwana Mshana wa ofisini, mtu mnene wa haki, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Watu walimsalimia vizuri sana. Hawakujua wanamsalimia nani.

Dizeli ilifika wakati huohuo, na jenereta likanguruma. Mama hakumngoja mtu. Alifungua skrubu, akavua bati la kompyuta, na kwa mara ya kwanza nikaona matumbo yake, vumbi na nyaya za utepe. Kabla ya kugusa chochote alishika kwanza chuma cha mwili wa ile mashine, akatulia kidogo. Mimi nilidhani anaiamkia. Baadaye sana nilijifunza kwamba alikuwa anatoa umeme ulioko mwilini ili usiue kibao, lakini hata leo nikifungua kompyuta naona ni adabu tu kuanza na shikamoo. Akakilaza kibao kwenye mtaro wake, akakisimamisha kwa vidole gumba viwili, kikasema ta! Madirishani vichwa vilikuwa vimepangana kuanzia chini hadi juu. Akawasha.

Pii. Pii. Pii. Kioo kikabaki cheusi.

"Inalia," Bibi akasema dirishani.

Bwana Mshana akakohoa. "Dada, usijisumbue. Mjini wapo mafundi."

Mama alizima, akakichomoa kibao, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha akichungulia yale meno ya dhahabu. Akachomoa penseli nywelani, akaigeuza upande wa raba, akaanza kusugua. Alisugua jino kwa jino, akipuliza, kama anayesafisha hereni ya bi harusi. Akashika tena chuma, akalaza, akasimamisha. Ta! Akawasha.

Tarakimu zikaanza kukimbia. Nikaanza kuhesabu nazo. Zikafika pale pa siku zote, elfu nne na tisini na sita, na hazikugota. Zilipita! Nilipiga yowe. "Imepita! Mama, imepita!" Watu madirishani hawakujua imepita nini, lakini yowe hawakulihoji, wakapokea. Elfu sita, elfu nane, elfu kumi, vigelegele juu ya vigelegele, mpaka ikasimama kwenye elfu kumi na mbili na zaidi. Mama akaufungua ule mtihani wa kurasa sita. Ulifunguka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Bwana Mshana alisogea, akajaribu mwenyewe, akafungua, akafunga, akatabasamu. "Kazi nzuri, dada. Nzuri mno. Sasa ndiyo itatufaa hasa kule mjini. Dereva, njoo tuipakie."

Sijawahi kusikia furaha ikikatika namna ile. Hata makande yalinyamaza jikoni. Hapo watu ndipo walipoelewa gari limefuata nini. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya kompyuta na hakukiondoa.

Mzee Mgonja akaingia na jembe lake lenye tope. "Mwanangu, wewe ni wa Mshana wa wapi?"

"Wa Mbaga, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Huko kwenu mna ndiva?"

"Tunayo, baba. Babu yangu alikuwa mmoja wa walioichimba."

"Vizuri. Ndiva ikishapanuliwa kwa msaragambo, baragumu limepigwa, kila nyumba imetoa mtu. Atoke mtu na gari aseme anaihamishia kwao. Kwenu mnamfanyaje?"

Bwana Mshana alianza kujibu kiofisi, akaishia njiani. Alitazama madirisha yote yale na majembe yenye udongo mbichi. "Lakini baba, mmechimba barabara. Hii amefanya yeye."

"Tuliitwa kwa kazi hii. Sisi tumelima, yeye amechomeka. Kwetu mkono ni mmoja. Nijibu swali langu."

Yule mtu mnene alivua miwani, akaifuta kwenye shati, na nikaona mdomo wake unacheza. "Hahami nayo," akasema. "Hata mama yangu asingenipa maji ya kunywa." Kisha akacheka, cheko la tumbo lote, akamgeukia Mama. "Karani, niandikie kwenye hiyo hiyo mashine barua ya kwamba haikuwashinda. Niwape wakubwa. Na mtu anionyeshe hayo makande yaliko."

Alikula sahani mbili. Barua aliipata ikiwa bado ina joto la printa, na gari likateremka tupu kwenye barabara yetu nzuri. Watu waliimba hadi jua likaelekea magharibi. Mimi nilicheza mpaka nikapoteza kiatu kimoja.

Jioni tulipofika nyumbani Mama alivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa zito, limefungwa kwa kamba. Nikashtuka. Kumbe alikuwa ameshapanga safari, siku nyingi, hata kabla kifurushi hakijafika. Alifungua kamba akaanza kurudisha vitu kabatini, kanga moja baada ya nyingine, na mimi nikawa ninapokea. Chini ya kanga ya tatu mkono wangu ukakutana na sweta. Lilikuwa sweta langu. Chini yake sare yangu ya shule, imepigwa pasi, na daftari zangu, na kitana.

"Si mlisema nibaki kwa Bibi?"

"Wao ndio walisema," Mama akajibu, na akaendelea kukunja.